Ukurasa wa Sitini na Moja

Laurie Farrugia alikuwa na shati moja tu la kazi, jeupe, na alikuwa analifua kwa mkono katika chumba cha kufulia cha kambi ya karavani, vile vijumba vya kukokotwa na gari, pale Karumba kwenye pwani ya Ghuba ya kaskazini, alipoiona riziki yake ya wiki.

Kwanza aliona rafu. Ilikuwa rafu ya vitabu juu ya mashine za kufulia, kila kitabu kimevimba kwa mvuke kama andazi, na kibao kimeandikwa kwa mkono: CHUKUA KIMOJA, ACHA KIMOJA, GONGA MUHURI. Muhuri wenyewe ulining'inia pembeni, umefungwa kwa kamba ili usije ukatembea. Kisha akachungulia dirishani, akawaona wasomaji.

Walikuwa kumi na watatu, wameketi kwenye viti vya kukunja, wote wamekimbia baridi ya kusini, wote wameshapita sabini. Kila mmoja alikuwa na kishikwambi mikononi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anasoma. Jua la Julai kule kwenye Ghuba halina adabu. Linaingia ndani ya kioo na kukukodolea macho. Bibi mmoja alikikinga kishikwambi chake kwa kofia. Mwingine alikipepea kama mtu anayepoza uji. Mzee mmoja alikuwa amejitumbukiza chini ya taulo, yeye na kishikwambi chake, na sauti yake ilitoka humo kama ya mtu aliyezikwa kabla ya wakati.

"Kimezima tena!" taulo likasema. "Kinasema kina joto. Na mimi je? Mbona mimi sizimi?"

"Subiri, Athol," akajibu bibi mwenye kofia. "Umri wako bado mdogo."

Laurie akakamua shati lake taratibu. Wako watu ambao wakiona wazee wanahangaika huingiwa na huruma. Laurie naye aliingiwa na kitu, ila hakikuwa huruma.

Nyuma ya gari lake alikuwa na sanduku lenye visomeo ishirini vya wino. Kisomeo cha wino, kwa asiyekijua, ni kifaa chembamba cha kusomea vitabu basi. Hakipigi simu, hakionyeshi sinema, hakikuletei habari za vita wakati wa chai. Maneno hukaa juu ya uso wake kama yamechapwa kwenye karatasi, na jua likiyapiga ndiyo kwanza yanakolea. Tena kina siri moja iliyomfurahisha Laurie kuliko sifa hizo zote: umeme wake hutumika kugeuza ukurasa tu. Ukishageuka, ukurasa unabaki pale bila umeme wowote, leo, kesho na mwaka ujao. Kisomeo kinaweza kufa kabisa na bado kikawa na ukurasa usoni, kama marehemu aliyezikwa akitabasamu.

Visomeo vya Laurie vilikuwa marehemu wa namna hiyo. Alivipata kwa muuza vyuma chakavu wa Townsville, betri zimeoza. Alikifufua kila kimoja kwa dakika mbili kwa betri ya kuazima, akakifungulia ukurasa wenye kuvutia, kisha akachomoa waya. Kwa kuwa alikuwa na kitabu kimoja tu, na kwa kuwa si mtu wa kupoteza muda akichagua, vyote vilisimama kwenye ukurasa wa sitini na moja. Kimoja tu kilikuwa hai. Hicho ndicho alichokipa kazi ya kuongea na watu.

Jambo moja lilimtaka awe mwangalifu. Hakimu wa Townsville alikuwa amemhukumu miezi kumi na minane jela kwa utapeli, kisha akaitundika juu kama nyama buchani: lalamiko moja, moja tu, na miezi hiyo ingeshuka. Na Karumba si mji wa kukimbia kwa papara. Barabara ya lami inafika pale, inakutana na bahari yenye mamba, na inakata tamaa.

Shati likakauka. Laurie akalivaa, akachana nywele, akatoka.

"Mabibi na mabwana," akasema, "mimi siuzi kitu."

"Basi unapita," akasema Athol kutoka kwenye taulo. "Safari njema."

"Siuzi. Nabadilisha." Akakitoa kile kisomeo kilicho hai, akakiweka juani kabisa, juu ya meza ya bati, kando ya kishikwambi cha bibi mwenye kofia. Kishikwambi kilikuwa cheusi kama dirisha la nyumba isiyo na watu. Kilionyesha uso wa bibi mwenyewe na wingu moja nyuma yake. Kisomeo kilionyesha maneno, meusi, yametulia. "Mama, soma."

"Naitwa Noelene. Mama yako simjui." Akainama akasoma. Kisha akavua miwani, akasoma tena. "Loo! Mpaka nukta naziona."

Watu wakavuta viti. Laurie akagusa ukingo, ukurasa ukageuka. Akagusa tena, ukarudi.

"Nani hapa ameshawahi kusinzia na kishikwambi kitandani kikamdondokea puani?"

Mikono saba ikapanda. Mmoja alionyesha kovu.

"Hiki kikikudondokea, hata ndoto hukatizwi. Na kinachajiwa mara ngapi? Mara moja kwa wiki sita! Sasa sikilizeni masharti yangu. Wewe unanipa kishikwambi chako, mimi nakupa kisomeo. Mkono kwa mkono. Hakuna kuwasha, hakuna kukagua. Mimi sikagui chako, wewe hukagui changu. Babu zetu walibadilishana farasi hivyohivyo."

"Babu yangu alipata farasi kipofu," akasema Athol, ambaye sasa kichwa chake kilikuwa kimetoka kwenye taulo.

"Lakini alilalamika?"

"Farasi?"

Hapo akaja mbele mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye miaka sabini na tisa na mkoba wa turubai begani. Huyu alikuwa Merle Tuckwell, mwenye rafu na mwenye muhuri. Kwa miaka thelathini na moja aliendesha lori la maktaba kutoka shamba la ng'ombe moja hadi jingine, na alikuwa na namna ya kumtazama mtu kama anayekisia atakirudisha kitabu lini.

"Hutaki hata kuona kama vyetu vinawaka?" akauliza.

"Bibi, nikianza kumkagua mwanamke wa heshima kama wewe, usingizi nitaupatia wapi?"

"Ni kweli," akasema Merle. "Usingizi ni muhimu."

"Sharti la mwisho," Laurie akaendelea. "Betri ni mpya, na wino unahitaji kutulia. Msibonyeze chochote kwa siku tatu. Leo Jumatatu, saa sita. Alhamisi saa sita, bonyezeni mpaka mchoke. Mkibonyeza kabla, mimi simo."

Alhamisi saa sita, kwa hesabu yake, yeye angekuwa ameshafika mji wa mbali wa Cairns, na visomeo vingekuwa vimeharibiwa na wazee wenyewe kwa pupa ya vidole.

"Ngojeni tukavilete," akasema Merle.

Wote kumi na watatu wakainuka, wakaenda kwenye karavani zao. Hapa palikuwa na jambo ambalo mtu makini angelitilia maanani. Watu hawa walikuwa wamevishika vishikwambi vyao mikononi. Walikwenda kuleta nini? Laurie aliliona, lakini alilitafsiri kwa moyo laini. Wamekwenda kuviaga, akajiambia. Picha za wajukuu. Wazee ni wazee.

Wakarudi mmoja mmoja, kila kishikwambi ndani ya mkoba wake wa ngozi au kitambaa, kimefungwa vizuri kama zawadi. Athol alikifunga chake kwa kamba. Laurie akavipokea kwa mikono miwili, hakukifungua hata kimoja, akagawa visomeo kumi na vitatu.

Jumanne alfajiri akaingia ndani ya gari, akazungusha ufunguo, na gari likanyamaza. Akazungusha tena. Likanyamaza kwa msisitizo.

Clarrie Nugent, aliyekuwa fundi wa malori kabla magoti hayajamstaafisha, na ambaye naye alikuwa na kisomeo kipya kwapani, akaja na kikombe cha chai, akainamia injini, akanusa.

"Kifaa kimekufa," akasema.

"Kifaa gani?"

"Kidogo hivi. Kitatoka Mount Isa. Lori linakuja Alhamisi."

"Alhamisi saa ngapi?"

"Linapofika."

"Clarrie, rafiki yangu, hakuna njia nyingine?"

"Ipo," akasema Clarrie, akapiga funda la chai. "Kutembea."

Siku mbili hizo Laurie aliishi kama mfalme aliyefungwa. Walimletea samaki wa kukaanga. Walimletea keki za nazi na chokoleti. Kila saa kumi jioni, watu walipokusanya viti na kila mmoja kuleta kinywaji chake, walimpa nafasi ya katikati. Na kila alikopita aliona wazee wakiwa wamekaa juani, visomeo magotini, wanausoma ukurasa wa sitini na moja kwa uchaji mkubwa, bila kidole hata kimoja kutembea. Hajapata kuona watu watiifu namna ile. Ilimtia hofu.

"Alhamisi saa nne tuna duara letu la kusoma," Merle akamwambia. "Wewe ndiye mgeni wa heshima."

"Ningependa sana, lakini gari..."

"Gari halina mpango mwingine kabla ya hapo," akasema Merle.

Alhamisi ikafika. Wakaketi duara nyuma ya chumba cha kufulia, kila mtu na kisomeo chake, Merle na birika la chai. Laurie aliketi uso ukiangalia barabara, akilisubiri lori kwa masikio yote.

"Kama mnavyojua," Merle akafungua, "kwa mara ya kwanza tangu duara hili lianze, kila mtu amesoma tulichopaswa kusoma."

Wakapiga makofi.

"Nawasomea kwa kumbukumbu. 'Nahodha alipanda ngazi zote za mnara wa taa, maji yakimchuruzika kofiani. Akashika kitasa. Mlango haukuwa umefungwa. Mjane, bila kugeuka kutoka dirishani, akasema,' na ukurasa unaishia hapo. Maoni?"

"Mimi nimeusoma mara arobaini," akasema Noelene. "Swali ni moja. Kwa nini hageuki?"

"Shingo," akasema Clarrie. "Shemeji yangu alikuwa hivyohivyo."

"Si shingo. Ni kiburi. Kamngoja miaka, sasa anataka amwone anavyojikaanga."

"Na mlango haukufungwa," akasema Athol. "Mwanamke peke yake, ufukweni, mlango wazi. Huyo ama ni mzembe, ama anamjua mgeni wake."

"Au mlango ulivimba kwa unyevu," akasema Clarrie. "Wangu ukivimba haufungiki."

Karibu saa mbili zikaenda hivyo. Walichambua kofia ya nahodha. Walichambua ngazi. Wawili walinuniana kwa sababu ya kitasa. Laurie, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kusoma kitabu kupita kurasa alizohitaji kwa kazi, alijikuta anasema, "Lakini labda hageuki kwa sababu anajua akigeuka atamsamehe." Watu wakamtazama. Akakohoa. Hakujua maneno yale yametoka wapi.

"Hilo ni zuri," Merle akasema polepole. "Hilo sikulifikiria."

Na ndipo redio ya Athol ikapiga saa sita.

Lori halikuwa limeonekana. Laurie alihisi shati lake la kazi likimganda mgongoni. Vidole kumi na vitatu vikainuka pamoja kama watu wanaotaka kula kiapo, vikashuka, vikabonyeza. Yeye akafumba macho. Aliiona miezi kumi na minane ikishuka kutoka kwenye kulabu yake.

Hakuna aliyefoka.

Akafumbua jicho moja. Noelene alibonyeza tena, uso umetulia. Clarrie alibonyeza kwa kidole gumba. Athol alikipiga kisomeo chake kofi dogo chini ya meza, kwa siri, kisha akatabasamu.

"Naam," akasema Athol. "Wangu umegeuka."

"Hata wangu," akasema Noelene haraka.

"Umegeuka vizuri sana," akasema Clarrie, akitazama ukurasa uleule aliokuwa akiutazama tangu Jumatatu.

Duara zima likanung'unika kwa kuridhika. Laurie akafumbua jicho la pili. Kwenye kazi yake ameona watu wakilia, wakitukana, wakimfukuza na fimbo ya kuvulia samaki. Hili hakuwahi kuliona. Visomeo kumi na vitatu vimekufa, na wenyewe wanavisifu.

"Basi tuambieni," akasema Merle, anamimina chai. "Mjane kasema nini?"

Wakatazamana.

"Kwangu mimi," Noelene akaanza, "anasema, 'Umechelewa.'"

"Ajabu," akasema Athol. "Kwangu anamuuliza kama ameleta samaki."

"Wangu kamfukuza," akasema Clarrie. "Kamwambia ashuke ngazi zote."

"Mjane mmoja, majibu matatu," akasema Merle.

"Ni matoleo mbalimbali," Laurie akarukia, sauti imempanda. "Liko la kusini na la kaskazini. Wachapaji hawa, ukiwajua!"

"Mimi siwajui," akasema Merle. "Niliendesha lori tu. Hebu tuone la mwenyewe linasemaje."

Akanyoosha mkono. Laurie angeweza kukataa, lakini mtu anayekaribia kuponyoka hapendi kuonekana mbishi. Akampa kisomeo chake kilicho hai. Merle akagusa ukingo. Ukurasa wa sitini na mbili ukatokea mbele yake, akausoma kimya, mstari kwa mstari, na uso wake mkavu ukalainika kidogo.

"Anasemaje?" wakauliza wote.

"Anasemaje?" akauliza Laurie, na alikuwa anauliza kwelikweli.

"Nyote mmekosa. Sitasema, nisimharibie mtu utamu." Akakiweka kisomeo mezani katikati ya vingine, akatandaza kitambaa cha chai juu yao ili makombo yasiingie, akakata keki, akagawa. Kisha akafunua kitambaa, akachukua kisomeo, akampa Laurie. "Nimekurudishia ulipoishia. Sitini na moja."

"Asante, Merle."

"Na gari lako tayari," akasema Clarrie.

"Lori limekuja?"

"Limekuja, limeenda. Hukulisikia? Ulikuwa kwenye ngazi na nahodha." Clarrie akasogea garini, akatoa kitu kidogo kwenye mfuko wa shati lake, akafungua boneti, akafunga boneti. Gari likanguruma. Ukarabati wote ulichukua muda mfupi kuliko kuusimulia.

Laurie hakuuliza. Aliwapungia mkono, wakampungia wote kumi na watatu, na wengine walifuta macho. Kilomita sabini akaimba peke yake. Hakuna lalamiko. Hakuna hata nusu ya lalamiko! Wazee wale wangekufa kabla ya kukiri kwamba wameshindwa kugeuza ukurasa. Kiburi cha watu, akajiambia, ni mali isiyoharibika.

Alipofika mji wa Normanton akasimama mbele ya sanamu kubwa ya mamba wa saruji, akafungua mkoba wa kwanza ili avihesabu vizuri kabla ya kumpigia simu mnunuzi wake wa Cairns.

Kishikwambi cha kwanza hakikuwaka. Akakiunga na waya wa gari, hakikuwaka. Cha pili kilikuwa kimevimba mgongo kama kobe. Cha tatu kilimwaga mchanga, kisha maji, kisha kaa mdogo ambaye naye alikuwa marehemu. Cha Noelene kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Kule kwenye Ghuba jua na chumvi huua vishikwambi kila msimu, dampo la vitu hivyo liko mbali, na mtu aliyekulia kwenye shida hatupi kitu. Anakitia kwenye droo. Alipokata kamba ya Athol, ndani ya ule mkoba mzuri wa ngozi alikuta ubao wa kukatia samaki. Ulikuwa umesuguliwa ukasafishwa. Athol ni mtu wa heshima.

Hakuna kuwasha, hakuna kukagua. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, tena kwa mikogo.

Sasa alielewa ule utiifu, na kile kimya cha saa sita. Kila mmoja alijua alichompa, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Nani angeanza kulalamika?

Akakichukua kisomeo chake, kilicho hai, angalau hicho. Akagusa ukingo. Nahodha alikuwa ameshika kitasa. Akagusa tena. Nahodha hakukiachia. Akakigeuza nyuma. Palikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa, na muhuri wa zambarau: RUDISHA NDANI YA SIKU KUMI NA NNE.

Laurie alikaa mbele ya yule mamba muda mrefu. Jua lilikuwa kali, na maneno ya ukurasa wa sitini na moja yalionekana vizuri kabisa, mpaka nukta, kama alivyokuwa amewaahidi watu. Alijua afanye nini. Barabara ya Cairns ilikuwa kulia, na kila alichojifunza maishani kilikuwa kinamwambia akate kulia. Ila mjane yule wa kitabuni bado alikuwa dirishani, mgongo kwake, amefungua kinywa.

Saa kumi kamili, viti vilikuwa vimeshapangwa nyuma ya chumba cha kufulia. Gari likaingia na vumbi lake. Laurie akashuka, akafungua nyuma, akatoa kiti cha kukunja, akakiweka mstari wa mwisho. Hakuna aliyegeuka isipokuwa Athol.

"Umesahau kitu?"

"Nimerudisha ubao wako," akasema Laurie. "Utakatia wapi samaki?"

"Nilikuwa najiuliza."

Laurie akapita katikati ya viti, akampa Merle kile kisomeo kilichokufa. Merle akatazama muhuri, akatazama saa yake.

"Umewahi," akasema. "Hudaiwi kitu. Kaa."

Akavaa miwani, akakifungua kile kilicho hai, akasubiri Noelene amalize kujimiminia. Kisha akasoma, kwa sauti iliyozoea kusikika juu ya injini ya lori:

"'Ingia,' mjane akasema, 'ila viatu acha nje. Nimekuona tangu ulipokuwa mbali.'"